Mbwa Anakula, Mbwa Anakonda

Maneno haya niliyasema mimi, munganga (daktari) wa wanyama, huko Lubumbashi tarehe 28 Septemba, Siku ya Dunia ya Kichaa cha Mbwa, katika uwanja wa parokia moja ya Kamalondo, wakati watu wamepanga foleni na mbwa wao wakingoja chanjo. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema, nikaondoa marudio tu.

Jambo yenu, baba na mama. Jambo ndugu zangu mazamu, walinzi wa nyumba za watu, mliotoka kazini alfajiri mkaja hapa bila kulala. Jambo wanafunzi wa tiba ya wanyama, nawaona mmesimama nyuma kule na makoti yenu meupe. Sanduku la chanjo liko njiani. Kabla halijafika nimeomba dakika chache niseme jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Golf. Mbwa alikuwa berger allemand, yaani German Shepherd, dume wa miaka miwili, jina lake Simba. Alikuwa na kilo 22, na berger dume wa umri ule anatakiwa awe na 30 au zaidi. Mbavu zinahesabika, manyoya yamekauka kama majani ya mwezi wa nane. Na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumfukuza zamu wake. Kwake yeye hesabu ilikuwa fupi: kila siku anatoa nyama na sufuria ya bukari, ugali wetu wa mahindi, kila siku sahani inarudi tupu, mbwa anakonda. Basi nyama inakwenda mtaa wa Katuba kwa watoto wa zamu. Yule baba alikuwa amelinda lango lile miaka sita. Alitoka bila mshahara wa mwezi wa mwisho, tena kwa jina la mwizi.

Nami nilikosea. Nilimpa Simba dawa ya minyoo, nikarudia, nikarudia tena mara ya tatu. Hakunenepa. Aliyenifungua macho ni dada aliyekuwa akifanya kazi jikoni. Aliniambia kwa sauti ndogo, kwa sababu alikuwa anaona haya: “Munganga, huyu mbwa anakula mavi yake.” Nikamuuliza, mavi yenyewe yakoje? Akasema ni mengi kama ya ng'ombe, yamepauka, yana mafuta, na harufu yake inafika barabarani.

Hapo nilijua kwamba nyama ya Simba haikwenda Katuba. Iliingia tumboni mwake na kutoka nyuma karibu kama ilivyoingia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Kwa Simba kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Karibu na mwanzo wa utumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Mama wanaouza matumbo kwenye soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, wanakijua vizuri, kipande kirefu chenye rangi ya waridi kilichopauka. Kazi yake moja kubwa ni kumwaga utumboni vimeng'enya, vile vinavyosaga nyama, mafuta na wanga mpaka viweze kuingia katika damu. Katika ukoo wa berger allemand kuna mbwa ambao kinga ya mwili wao wenyewe inalishambulia kongosho polepole, mpaka sehemu inayotengeneza vimeng'enya inakauka. Mara nyingi huwashika wakiwa vijana, kati ya mwaka 1 na 4. Mbwa anakula kama aliyefunga siku tatu, tumbo linanguruma, na mwili haupati kitu.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa hata na sisi waganga. Vitamini B12, inayoitwa pia kobalamini, haiwezi kuingia mwilini peke yake. Inahitaji protini ya kuisindikiza mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, mahali ambapo mlango wake upo. Kwa sisi binadamu, msindikizaji huyo anatoka kwenye ukuta wa tumbo. Kwa mbwa anatoka zaidi kwenye kongosho. Kongosho likifa, msindikizaji anakufa nalo, na B12 inapita bila kuingia, hata kama umemwekea mbwa nyama nyekundu ya kutosha kila siku. Ikiisha, hamu ya kula inapungua, ukuta wa utumbo unadhoofika na kushindwa hata kupokea kile kidogo kilichosagwa, damu inapungua, mishipa ya fahamu inaharibika.

Ndiyo maana Simba hakupona kwa vimeng'enya peke yake. Tulimpa kongosho la ng'ombe kutoka machinjioni, bichi, limekatwakatwa, likachanganywa na chakula. Tulianza na gramu 100 kwa kila mlo, tukaongeza kwa kuangalia mavi yake. Bichi, narudia, kwa sababu moto unaua vimeng'enya. Linahifadhiwa kwenye barafu bila kupoteza nguvu. La nguruwe msilitumie bichi, lina magonjwa yake. Baada ya mwezi mmoja mavi yalishika umbo lakini mbwa alibaki amelala, macho hayana mwanga. Ndipo tukaanza sindano za B12, ile dawa nyekundu mnayoiona kwenye ampuli, mara moja kwa wiki kwa wiki 6, halafu moja kwa mwezi. Kwa mbwa wa ukubwa ule kipimo ni kama mikrogramu 1,000, na munganga ndiye anayekipanga. Wiki ya tatu ya sindano Simba alikimbilia langoni akabweka. Mpishi alilia.

Alifika kilo 31. Mwenye nyumba alinishukuru sana. Kuhusu zamu hakusema neno.

Baba zangu, mama zangu, kwa hiyo ninawaomba kabla ya kitu kingine chochote: mbwa wako akikonda na sahani inarudi tupu, usianze na zamu. Anza na mavi. Nenda ukayaangalie mwenyewe asubuhi. Kuna kipimo cha damu cha kongosho kinaitwa TLI, damu inatolewa mbwa akiwa hajala, lakini macho yako yanatangulia kipimo chochote.

Mtaniuliza, kwa nini berger, na mbwa wa jirani yangu wa kienyeji anakula ukoko na bado anashinda akipigana? Ni habari ya ukoo. Aina ya mbwa ni familia iliyofungiwa ndani ya ua. Watu walichagua mbwa wachache wenye masikio fulani, mgongo fulani, rangi fulani, wakawazalisha wao kwa wao miaka na miaka. Kilichokuwa kizuri kikakolea. Na kilichokuwa kimejificha kikakolea pia.

Mfano ulio wazi kabisa ni mbwa wanaoitwa Giant Schnauzer, weusi wakubwa wenye ndevu. Katika ukoo wao kuna watoto wanaozaliwa na mlango wa B12 umeharibika. Kongosho zima, chakula kizuri, mlango haufunguki. Wakifika wiki 6 mpaka 12 wanaacha kukua, hawataki kula, damu yao haitoshi. Ugonjwa huo unajulikana pia kwa Australian Shepherd, Border Collie, Beagle na Komondor, na kwa Border Collie unaweza kuchelewa kuonekana. Hata watoto wa binadamu wanaupata: mwaka 1960 Olga Imerslund wa Norway na Ralph Gräsbeck wa Finland, kila mmoja kwa upande wake, waliueleza kwa watoto, na unaitwa kwa majina yao mpaka leo. Wanasayansi waliofuata walijifunza mengi juu ya mlango huo kwa kuwaangalia mbwa hao. Kwa sindano za B12 katika maisha yake yote, mtoto wa mbwa aliyekuwa anakufa anakua na kuwa mbwa mzima.

Sasa ninyi mnaozalisha na kuuza, na ninawaona hapa, tafadhali mnisikilize. Ugonjwa wa mlango huo unahitaji jeni mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Baba mzima, mama mzima, wote wawili wamebeba bila kuonyesha: kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Ule wa kongosho la berger hauendi kwa jeni moja, umechanganyika zaidi, lakini unakaa katika familia. Hapa mjini maberger wanaozalishwa si wengi, na ninajua nyumba ambako kaka amepandishwa kwa dada yake kwa sababu “wote wana karatasi”. Karatasi ya ukoo haionyeshi kongosho. Mbwa aliyepata ugonjwa huo asizae. Ndugu zake pia wasizae. Najua ni hasara. Lakini yule atakayemnunua mtoto huyo atakuja kulia mbele yangu, na pengine kuna zamu atakayepoteza kazi.

Aina nyingine nitazipitia haraka. Cocker Spaniel wana ugonjwa wa ngozi unaotaka vitamini A: magamba yenye mafuta, vijiti vya nta kwenye mizizi ya manyoya hasa kifuani na mbavuni, masikio yananuka. Ajabu yake ni kwamba vitamini A katika damu yao iko kawaida, ila ngozi inataka zaidi. Wanapewa kila siku na inachukua wiki 4 hadi 8 kuona mabadiliko. Msijaribu bila munganga, kwa sababu vitamini A ikizidi inaharibu mifupa na ini. Shar-Pei, wale wenye makunyanzi, mara nyingi wana B12 ya chini. Husky na Malamute wanasumbuliwa na upungufu wa zinki, ambayo ni madini, si vitamini: magamba magumu kuzunguka macho na mdomo. Na hilo la zinki linawahusu pia watoto wa maberger wanaokua haraka kwa kula nafaka tupu, kwa sababu nafaka ina kitu kinachoishika zinki isiingie.

Na nafaka ndiyo inayonileta kwenye bukari.

Sisi watu wa Lubumbashi tunajijua. Bila bukari hatujala. Na mbwa wetu wanakula tunachobakiza: ukoko wa sufuria, mchuzi kidogo, basi. Mbwa wa kienyeji anaongezea mwenyewe, anakamata panya, anaokota mifupa, anazunguka jalalani. Berger aliyefungwa mnyororo nyuma ya ukuta hana pa kuongezea. Anachopewa ndicho maisha yake yote.

Mahindi yana niasini, ambayo ni vitamini B3, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili haupati kuifungua. Na ile sehemu ya protini ambayo mwili ungeweza kuigeuza kuwa niasini, mahindi yanayo kidogo sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kusini ya Marekani, maskini waliokula unga wa mahindi walishikwa na pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inapotea. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali yao ilimtuma daktari Joseph Goldberger, naye akaonyesha kwamba ni chakula. Na katika sehemu zile zile mbwa walikuwa wanaugua kitu walichokiita ulimi mweusi. Kinywa kinajaa vidonda, mate yanavutika, pumzi inanuka, ulimi unakuwa wa zambarau kama nyama iliyoharibika, mbwa anaharisha damu na anakufa. Goldberger aliona kwamba mbwa na watu wanaugua kitu kimoja. Alikufa mwaka 1929 kabla hakijajulikana ni kitu gani kilichokosekana katika chakula. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake huko Wisconsin waliwapa mbwa wenye ulimi mweusi niasini iliyotoka kwenye ini, mbwa wakapona, na muda mfupi baadaye madaktari wakaitumia kwa watu.

Kila nikifikiri habari hiyo ninasimama. Mbwa waliugua pamoja na maskini wao, wakala chakula kile kile, na kwa kupona kwao wakawaonyesha watu njia.

Dawa yake kwetu haitoki duka la mbali. Karanga zina niasini nyingi, ngumi moja ya karanga zilizopondwa inabadilisha sufuria ya bukari. Ndakala za Kalemie, au kapenta zinazokuja kutoka Zambia, wale samaki wadogo wakavu, zinaingia nzima na mifupa yake. Ini lililopikwa, kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki, lisizidi. Yai. Lakini karanga au unga wenye ukungu msimpe mbwa. Nimesikia mara nyingi: “unga umeharibika, tumpe mbwa.” Sumu ya ukungu ule inalila ini la mbwa mpaka linakufa, na mara nyingi munganga hana cha kufanya. Na mchuzi wenye vitunguu vingi msimmwagie, vitunguu vinavunja damu yake.

Kuna wanaonijibu, mbwa wangu anashinda juani, jua linampa vitamini. Kwa mtoto wako ni kweli. Kwa mbwa sivyo. Ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha kutokana na jua, hata jua letu la mwezi wa kumi. Lazima aile. Jambo hilo lilianza kufichuliwa London karibu mwaka 1919, wakati Edward Mellanby alipowafungia watoto wa mbwa ndani na kuwalisha uji wa nafaka. Walipata matege. Alipowapa mafuta ya ini la samaki, hawakupata. Kwa hiyo mkiona mtoto wa Rottweiler au wa Boerboel miguu inapinda, msiseme amezaliwa mvivu, na msimwekee jua. Mwekeeni samaki mdogo mzima na kiini cha yai.

Upande wa pili kuna matajiri wanaomlisha mtoto wa mbwa nyama tupu, steki kila siku, wakijua ndiyo heshima. Nyama ina kalsiamu kidogo sana. Mwili unaitoa kwenye mifupa, na mifupa inavunjika akiruka kutoka ngazini. Wengine wakisikia hivyo wanamwaga unga wa kalsiamu bila kipimo, na kwa mbwa wa aina kubwa hiyo nayo inapotosha mifupa, kwa sababu utumbo wa mtoto haujui kukataa. Ndakala na mifupa yake zimekwisha kupima kalsiamu zenyewe.

Kabla sijanyamaza, acheni niseme juu ya mbwa wa kwetu, maana nimeona wengine mnawaficha nyuma ya miguu mkiona maberger. Huko Ulaya na Marekani kuna aina inaitwa Basenji. Masikio yamesimama, mkia umejikunja, habweki kama mbwa wengine. Mnamjua, ni mbwa wa kuwinda wa misitu ya nchi yetu. Hata jina lake limetoka kwetu, ni lile neno la Lingala linalofanana na “washenzi”, kwa maana mbwa wa watu wa porini. Waingereza walimwonyesha London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937. Lakini waliochukuliwa walikuwa wachache, na wakazaliana wenyewe kwa wenyewe. Matokeo yake, katika ukoo huo ulikolea ugonjwa wa figo unaoitwa Fankoni: mbwa anakula vizuri, chakula kinaingia katika damu, halafu figo zinamwaga nje sukari, protini zilizosagwa, madini. Anakunywa maji kama mchanga. Ukipima mkojo una sukari, ukipima damu sukari iko sawa, na munganga mwenye haraka anaweza kudhani ni kisukari.

Ndipo mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walifunga safari kuja Zaire, kaskazini-mashariki, wakatembea vijiji kwa vijiji wakitafuta mbwa wa kienyeji ili wakaongeze damu katika ukoo wao. Mbwa wale waliodharauliwa ndio walioitwa kusaidia. Kwa hiyo wewe kijana mwenye mbwa wa rangi ya udongo pale kwenye mti, njoo mbele nasi.

Nilipofika hapo sanduku la chanjo lilikuwa limeingia uwanjani, na watu wakaanza kusogea. Zamu mmoja, kijana bado, aliinua mkono. Akasema: “Munganga, patron wangu, bwana wangu wa kazi, ana berger. Anakonda. Mavi yake ni kama hayo uliyosema. Nikimwambia, si atasema nimetafuta maneno ya kujitetea?”

Nilimjibu mbele ya wote. Nilimwambia: ndugu yangu, nunua daftari dogo. Kila siku andika alichopewa mbwa, saa ngapi, na nani alimpa. Yule wa jikoni aweke alama yake pembeni. Kila Jumapili mpime mbwa: simama naye kwenye mizani, kisha simama peke yako, toa. Piga picha ya mavi kwa simu yako. Na yule baba wa Katuba niliyewaeleza, nilikwenda kumtafuta baada ya Simba kupona. Nilimkuta anauza makaa mbele ya nyumba yake. Nilimweleza kila kitu, kongosho, B12, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu swali lake lilikuwa moja: “Sasa anakula?”

Nipe namba ya nyumba, nilimwambia kijana. Jumatatu asubuhi nitakuja mwenyewe kabla patron hajatoka, na nitachukua damu ya mbwa, kwa hiyo usiku huo usimpe kitu.